Vita Huisha, Bunduki Hubaki

Asafiriye kutoka Ruaha Mbuyuni kwenda Iringa hupanda mlima wa Kitonga, hupita Ilula, kisha hufika Lugalo. Huko Lugalo uko mnara wa kumbukumbu ya vita vilivyopiganwa tarehe 17 Agosti 1891, siku ambayo Wahehe wa Mtwa Mkwawa walilishinda jeshi la Wajerumani. Habari hiyo kila mwanafunzi wa nchi hii ameisoma. Lakini limo jambo moja ndani yake ambalo vitabu hulitaja kwa mstari mmoja tu, kisha huendelea na mengine. Jambo lenyewe ni hili: baada ya vita vile kwisha, bunduki zipatazo 300 zilibaki mikononi mwa washindi.

Mimi ni mwalimu wa historia, na muhula huu mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Pili aliniuliza, “Mwalimu, vita vikiisha, bunduki zote huenda wapi?” Nilipenda swali lile, kwa maana si swali la historia tu. Nchi jirani zimepata taabu kubwa kwa kutolijibu mapema. Basi nimeonelea vyema kulijibu katika gazeti letu la shule, ili wanafunzi wa vidato vingine walisome, na wazazi nao wakipenda.

Jibu fupi ni kwamba nyingi huenda katika vita vingine. Mtutu wa chuma kizuri ukitunzwa na kupakwa mafuta hudumu miaka hamsini na zaidi, na vita vichache sana hudumu miaka mingi hivyo. Kwa hiyo bunduki huishi kuliko vita vilivyoileta duniani. Lakini haivuki yenyewe kutoka vita hivi hadi vile. Yako mambo matatu ambayo ama huivusha ama huizuia, nami nitayataja kwanza kabla ya kuanza hadithi yenyewe.

La kwanza ni risasi. La pili ni fundi. La tatu ni daftari, yaani kuwako au kutokuwako kwa mtu anayeihesabu kila bunduki, anayejua ilipo, na awezaye kuulizwa. Yakumbukeni matatu haya, maana mtayaona tena na tena.

Bunduki za Lugalo

Jeshi lililokuja Lugalo liliongozwa na Emil von Zelewski, ambaye watu walimpa jina la Nyundo. Alikuwa na askari zaidi ya 300, pamoja na wapagazi na mizinga. Wahehe, wakiongozwa na Mpangile, ndugu yake Mkwawa, waliwavizia njiani na kuwarukia kwa ghafula. Zelewski alikufa, na pamoja naye Wazungu wengine 9 na askari wapatao 250. Wahehe nao walipoteza watu wengi. Ndipo washindi walipookota zile bunduki, pamoja na mizinga na risasi, wakazichukua.

Kwa kipimo cha siku zile hiyo ilikuwa hazina kubwa. Lakini hebu tuiangalie kwa macho ya fundi. Bunduki ya zamani, ile tuiitayo gobore, hutiwa baruti na goroli kwa mdomo wa mtutu. Mwindaji aweza kujipatia baruti, na goroli aweza kuitengeneza kwa chuma au risasi yoyote aliyonayo. Bunduki ya jeshi la Wajerumani haikuwa hivyo. Hiyo ilikula risasi yenye ganda la shaba, na ndani ya ganda mna baruti iliyopimwa, na kitakoni mna fataki inayolipuka ikigongwa. Ganda likiwa nene kidogo haliingii chumbani. Likiwa jembamba kidogo hupasuka. Wahunzi wa Uhehe walikuwa hodari sana. Walifua mikuki na majembe mazuri. Lakini ganda kama lile latoka kiwandani, wala halifuliwi kwa nyundo na mvukuto. Basi kila risasi iliyopigwa baada ya Lugalo ilikuwa imepungua katika hesabu isiyojazwa.

Wajerumani walirudi mwaka 1894. Tarehe 30 Oktoba mwaka huo waliivunja ngome ya Kalenga kwa mizinga na kuingia ndani. Wahehe walipigana kwa mikuki na kwa bunduki, ila bunduki za Lugalo hazikutosha kuiokoa ngome. Mkwawa alitoroka, akaendelea kupigana msituni miaka karibu minne, mpaka tarehe 19 Julai 1898 alipojipiga risasi huko Mlambalasi ili asitwaliwe hai.

Twajifunza nini hapa? Twajifunza kwamba kuteka silaha ni jambo moja, na kuilisha ni jambo jingine. Wakulima wa vitunguu wa hapa Ruaha Mbuyuni walijua hilo bila kusoma kitabu: pampu ya kumwagilia, hata iwe nzuri namna gani, ikikosa mafuta au ikikatika kipuri kisichopatikana dukani, ni mzigo wa chuma uliolala kando ya mto.

Vita Kuu katika nchi yetu, 1914 hadi 1918

Sasa tusogee mbele miaka ishirini na mitatu baada ya Lugalo. Vita Kuu ya kwanza ilipoanza mwaka 1914, Wajerumani, au Wadachi kama wazee wetu walivyowaita, walikuwa na jeshi dogo hapa, la askari Waafrika wapatao 2,500. Wengi wa askari hao walishika bunduki za namna ya mwaka 1871. Huko Ujerumani kwenyewe jeshi lilikuwa limekwisha kuziacha bunduki hizo kwa kuchukua namna mpya tangu mwaka 1888. Zilizokuwa kuukuu Ulaya zikaletwa Afrika. Baruti yake ilitoa moshi mzito mweupe, na askari akipiga risasi moja tu, adui alijua alipojificha. Hivyo askari wetu waliingia katika vita vya karne ya ishirini na silaha za babu zao.

Waliokolewa na adui mwenyewe. Mapema mwezi wa Novemba 1914 Waingereza walishusha jeshi kubwa kutoka Bara Hindi huko Tanga, likapigwa vibaya na kurudi merikebuni. Waliacha nyuma bunduki 455, bunduki za rashasha 16, na risasi 600,000. Tazameni tofauti na Lugalo. Hapa risasi zilipatikana pamoja na bunduki, tena kwa wingi, na mafundi wa kuzitunza walikuwapo. Makundi kadhaa ya askari yalitupa bunduki za moshi na kushika bunduki mpya za Kiingereza.

Kisha manowari za Waingereza zikaifunga pwani yote, wala hapakuingia kitu kutoka Ujerumani ila kwa kubahatisha. Mwezi wa Aprili 1915 merikebu iitwayo Rubens ilifukuzwa mpaka ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikazama katika maji machache. Shehena yake ilikuwa bunduki na mamilioni ya risasi. Watu walipiga mbizi wakaitoa shehena ile majini. Risasi zilizoloa zilifunguliwa moja moja, zikasafishwa, zikaanikwa, zikafungwa tena. Fikirini kazi ile! Lakini bila kazi ile bunduki zile zingekuwa fimbo.

Habari ya ajabu kuliko zote ni ya mizinga ya manowari Königsberg. Manowari hiyo ya Ujerumani iliingia Unguja tarehe 20 Septemba 1914 ikaizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, iliyokuwa imetia nanga kwa matengenezo. Baadaye ilijificha katika mikono ya mto Rufiji. Waingereza waliitafuta, wakaipiga tarehe 6 na tena tarehe 11 Julai 1915, hata mabaharia wake wakaiharibu wenyewe. Chombo kikafa, lakini mizinga yake 10 haikufa. Iliopolewa, ikakokotwa na mamia ya watu mpaka Dar es Salaam, na mafundi wakaitengenezea magurudumu ya kuendea nchi kavu. Mzinga uliotengenezwa kupigana baharini ukaenda kupigana porini. Mmoja ulipelekwa Kigoma ukafungwa juu ya merikebu Graf von Goetzen katika ziwa Tanganyika. Mingine ilipigana kaskazini, katika nchi ya kati, na kusini, mmoja baada ya mwingine, mpaka ikaisha. Mzinga ulipoharibika, au uliposhindikana kuvutwa zaidi, Wajerumani waliuvunja ili adui asiutumie.

Waingereza nao walifanya vivyo hivyo. Mizinga ya Pegasus iliopolewa Unguja, na baadhi yake ikawekwa juu ya magurudumu kwenda kupigana bara. Hivyo manowari mbili zilizopigana baharini ziliendelea na ugomvi wao milimani, baada ya zenyewe kuzama. Mzinga mmoja wa Königsberg na mmoja wa Pegasus imewekwa pamoja katika ngome ya Fort Jesus, Mombasa.

Wasomaji wangu, nisingependa mwione habari hii kuwa ni ya werevu wa mafundi tu. Mzinga haukujikokota. Nyuma ya kila gurudumu walikuwako baba na kaka zetu, waliotwaliwa vijijini, wenye kamba mabegani. Katika vita ile, kwa pande zote mbili, wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa njaa, kuhara na homa. Chuma kilichookolewa Rufiji kililipiwa kwa watu.

Mwisho wake ulikuwaje? Mwezi wa Novemba 1917 jenerali wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alivuka mto Ruvuma na tarehe 25 akaiteka kambi ya Wareno huko Ngomano. Akapata bunduki na risasi za kutosha kuwavisha upya askari wake wengi. Mwaka 1918 alirudi tena nchini, akapita Songea na nchi ya Ubena, akaendelea mpaka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo siku hizi ni Zambia. Tarehe 25 Novemba 1918 aliweka silaha chini huko Abercorn, mji uitwao sasa Mbala. Silaha zile zilihesabiwa: mzinga mmoja wa Kireno, bunduki za rashasha 37, katika hizo 7 za Kijerumani na 30 za Kiingereza, bunduki 1,071 za Kiingereza na Kireno, na risasi 208,000. Haikupatikana hata bunduki moja ya kisasa ya Kijerumani. Jeshi la Wajerumani lilimaliza vita kwa bunduki za adui zake.

Silaha za Wajapani baada ya mwaka 1945

Mtu aweza kufikiri kwamba mambo haya yalitokea hapa kwa sababu pwani ilifungwa. Sivyo. Ili kuonyesha kwamba ndivyo ilivyo duniani kote, nitatoka kidogo nje ya nchi yetu, nifuate njia waliyopita askari wetu wenyewe. Katika Vita Kuu ya pili, vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland walipelekwa Burma katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, nao mwaka 1944 waliwasukuma Wajapani katika bonde la Kabaw mpaka mto Chindwin. Wajapani walipokubali kushindwa mwezi wa Agosti 1945, majeshi yao yalikuwa yametawanyika toka Manchuria mpaka visiwa vya Java, na kila mahali walikuwa na maghala ya silaha. Swali la mwanafunzi wangu likaulizwa tena: zitakwenda wapi?

Katika Manchuria Warusi walizitwaa, na sehemu yake ikafika kwa majeshi ya Wakomunisti wa China. Hao walizitumia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha mwaka 1949, na Wachina walipoingia katika vita vya Korea mwezi wa Oktoba 1950, baadhi ya askari wao bado walikuwa na bunduki za Kijapani. Upande wa pili nako, Wamarekani walichukua bunduki za Kijapani zilizobaki Tokyo, wakazichonga upya chumba cha risasi ili zile risasi za Kimarekani, kisha zikapewa watu wa Korea ya Kusini. Basi bunduki ndugu, zilizotoka nchi moja, zilijikuta pande mbili za vita vimoja. Kumbukeni neno letu la kwanza, risasi. Jeshi la Japani lilikuwa na bunduki za namna mbili, moja ya risasi za milimita 6.5 na nyingine ya milimita 7.7, na risasi ya hii haiingii katika ile. Viwanda vya Japani vilipofungwa, aliyetaka kuzitumia hana budi aidha kupata akiba ya risasi zake, aidha kuzichonga upya.

Huko Indonesia wananchi walitangaza uhuru wao tarehe 17 Agosti 1945. Wadachi wa Uholanzi walitaka kurudi kutawala. Vijana wa Indonesia hawakungoja. Waliingia katika maghala ya Wajapani, wakachukua bunduki na hata magari ya vita. Waingereza waliotumwa kuwanyang’anya Wajapani silaha walifika Surabaya mwezi wa Oktoba, wakakuta silaha zimekwisha kuhama. Vita vikali vikafuata mwezi wa Novemba, na watu wengi wakafa. Mwaka 1947, tarehe 29 Julai, marubani vijana wa Indonesia waliruka alfajiri kwa ndege kuukuu za Kijapani, walizozitengeneza kutokana na mabaki, wakaangusha mabomu katika miji ya Semarang, Salatiga na Ambarawa iliyokuwa mikononi mwa Waholanzi. Hapa ni fundi aliyevusha silaha, na alifanya hivyo kwa ajili ya uhuru wa nchi yake.

Sisi tuliotawaliwa hatuwezi kuwalaumu vijana wale, kama vile hatuwezi kuwalaumu Wahehe wa Lugalo. Lakini yatupasa kuona jambo la pili pia. Bunduki ikiisha kutoka ghalani bila kuandikwa, haimwulizi anayeishika kama ana haki au hana.

Neno la daftari

Nimekwisha sema juu ya risasi na juu ya fundi. Sasa naja kwenye daftari, ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote mawili. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mfano wake uko karibu nasi, tena wazazi wengi wanaukumbuka.

Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera. Jeshi letu liliwafukuza, likaingia Uganda, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Askari wa Amin walikimbia kila upande. Walioko Moroto, katika nchi ya Karamoja, waliiacha kambi yao na ghala lake la silaha. Wafugaji wa jirani waliingia wakachukua bunduki nyingi na risasi zake. Zamani watu wa Karamoja waliibiana ng’ombe kwa mikuki na kwa bunduki chache walizojitengenezea. Baada ya mwaka 1979 wizi ule ukawa wa bunduki za jeshi. Palipokufa wachache wakaanza kufa wengi, wanawake na watoto pamoja nao. Serikali ya Uganda ilianza kazi kubwa ya kuzikusanya mwaka 2001, na hata baada ya hapo imebidi kurudia. Ghala moja lisilo mlinzi kwa siku chache limewataabisha watu kwa zaidi ya miaka ishirini.

Linganisheni sasa Abercorn na Moroto. Huko Abercorn palikuwa na mtu aliyehesabu, hata leo twaweza kusema bunduki zilikuwa 1,071, wala si 1,070. Huko Moroto hapakuwa na wa kuhesabu.

Kwa sababu hiyo nchi zetu zilikubaliana. Mwezi wa Machi 2000 zilitoa Azimio la Nairobi, na mwaka 2004 zikatia sahihi Itifaki ya Nairobi juu ya silaha ndogo, ambayo yazitaka serikali kuzitia alama silaha, kuziandika, na kuziharibu zile zilizozidi. Mwezi wa Novemba 2016 Kenya ilichoma moto silaha zaidi ya 5,000 huko Ngong. Sisi Tanzania tulitunga Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi mwaka 2015, na mwaka 2022 Serikali ilitoa muda wa miezi miwili, Septemba na Oktoba, ili kila mwenye silaha isiyo halali aisalimishe kwa hiari bila kushitakiwa.

Iko pia njia nzuri ya kutumia chuma cha vita. Jirani zetu wa Msumbiji, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kwisha mwaka 1992, walianza mpango ulioongozwa na Baraza la Kikristo la nchi ile mwaka 1995. Mtu aliyeleta bunduki alipewa baiskeli, cherehani, jembe, au chombo kingine cha kazi. Bunduki zilikatwa vipande, na wachongaji wakavifanya viti na sanamu. Na hapa kwetu ile Graf von Goetzen iliyobeba mzinga wa Königsberg ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, mzinga wake ukiwa umekwisha kuondolewa. Ikaibuliwa mwaka 1924, na tangu mwaka 1927 ikachukua abiria na mizigo katika ziwa Tanganyika kwa jina la Liemba. Mzinga wake ulikwisha vitani, bali chombo kilifanya kazi ya amani kwa miaka mingi.

Basi ndugu zangu wanafunzi, mtakaposoma habari za vita yoyote msiishie kwenye tarehe ya mapatano. Ulizeni: silaha zilihesabiwa na nani, na zikaenda wapi? Jibu la swali hilo mara nyingi huonyesha vita vijavyo vitatokea wapi. Nanyi wazazi, kama ndani ya nyumba limo gobore la marehemu babu, ambalo halina karatasi wala mwenyewe anayejulikana, msiwaachie watoto urithi huo. Lipelekeni kituo cha polisi, au mwambieni kwanza mtendaji wa kijiji awaongoze. Ni afadhali liandikwe katika daftari la Serikali kuliko kuandikwa katika hati ya mashitaka.

Maswali ya kujifunzia

1. Kwa nini bunduki 300 za Lugalo hazikuweza kuilinda Kalenga mwaka 1894? Taja sababu ya ufundi.

2. Linganisha silaha zilizotekwa Lugalo na zile zilizotekwa Tanga mwaka 1914. Ni kitu gani kilipatikana Tanga ambacho kiliwawezesha washindi kuendelea kuzitumia?

3. Eleza jinsi mzinga wa manowari ulivyogeuzwa kuwa mzinga wa nchi kavu, na ni nani waliolipa gharama yake.

4. “Daftari lina nguvu kuliko mtutu.” Jadili neno hili kwa kutumia mifano ya Surabaya, Abercorn na Moroto.

5. Waulize wazee wa kijiji chako kama wanajua chombo chochote cha vita kilichogeuzwa kuwa cha kazi. Andika ukurasa mmoja.